Rangi za Kilindini Hushuka na Taa

Matangazo mubashara ya roboti za chini ya bahari yamewaleta wanyama wa kilindini sebuleni na darasani kwa kasi ambayo haijapata kuonekana. Mwaka 2025 pekee ulikuwa na matukio matatu yaliyozungumzwa kila kona ya dunia. Januari, samaki mweusi mwenye taya kubwa na meno kama sindano, Melanocetus johnsonii, alirekodiwa akiogelea karibu na uso wa maji, mchana kweupe, jirani na kisiwa cha Tenerife. Machi 9, roboti SuBastian ya taasisi ya utafiti wa bahari ya Schmidt Ocean Institute ilimpiga picha kwa mara ya kwanza akiwa hai kwenye makazi yake yule ngisi anayewashinda wenzake wote kwa uzito. Alikuwa bado mtoto, urefu wa sentimita 30 hivi, mita 600 chini, karibu na visiwa vya South Sandwich. Kisha Julai na Agosti roboti hiyohiyo ilishuka na wanasayansi wa CONICET, baraza la utafiti wa kisayansi la Argentina, kwenye korongo la Mar del Plata hadi karibu mita 3,900, na umati mkubwa wa watu, watoto wakiwemo, ukakaa saa nyingi ukitazama nyota bahari, majongoo bahari na matumbawe yenye rangi kali. Funzo ambalo wazazi na walimu wengi waliondoka nalo ni moja: kumbe kilindini kumejaa rangi.

Hitimisho hilo si sahihi, na mtoto akilibeba, kila atakachosoma baadaye kuhusu bahari kitakaa upande. Chini ya mita 1,000 hakuna mwanga wa jua ambao jicho lolote linaweza kuutumia. Wekundu wa kamba anayeonekana kwenye video umeshuka na taa za roboti, na taa zikizimwa unaondoka nazo. Ni kweli mwili wa kamba huyo una kemikali inayoweza kurudisha mwanga mwekundu, lakini pale anapoishi hakuna mwanga mwekundu wa kurudisha. Kwa hiyo naona somo hili lianze na safari ya mwanga, kutoka kwenye chanzo hadi kwenye kitu, na kutoka kwenye kitu hadi jichoni. Mnyama aje baadaye. Na zile video ambazo sasa zinapotosha ndizo zitakuwa kifaa bora cha kufundishia, ilimradi mtoto ajue aangalie nini.

Maji ya kwenye glasi hayaonyeshi rangi kwa sababu glasi ni fupi mno. Chukua maji safi kabisa na upitishe ndani yake mwanga mwekundu wenye wimbi la urefu wa nanomita 650 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita): nusu yake hufyonzwa katika kila mita 2 hivi. Mwanga wa kijani, nanomita 550, hufika kama mita 12 ndipo upungue kwa nusu. Ule wa bluu wa nanomita 475 huenda takriban mita 60. Bahari yenyewe si maji safi kiasi hicho, hivyo hata bluu hupungua haraka zaidi, na karibu na pwani vijimea vidogo pamoja na mabaki ya mimea iliyooza huila bluu hadi kijani ndicho kinachobaki kupenya. Lakini katikati ya bahari, mbali na mito na matope, bluu hushinda. Kufikia mita 200 katika maji maangavu hubaki kama asilimia 1 ya mwanga uliokuwa juu, na karibu wote ni bluu. Kuanzia hapo hadi mita 1,000 ni eneo la jioni isiyoisha, mwanga hafifu unaotosha macho makubwa ya wanyama wa huko na hautoshi mmea wowote. Wamarekani William Beebe na Otis Barton walifika mita 923 mwaka 1934 karibu na Bermuda wakiwa ndani ya tufe la chuma, wakaona kwa macho yao bluu ikizidi kukolea na hatimaye kuzama kwenye weusi.

Mabango mengi ya shuleni huuchora mteremko huu kama ngazi: nyekundu inakomea mita 5, ya machungwa mita 10, njano mita 20, kila moja na mstari wake. Mistari hiyo haipo baharini. Nyekundu haifiki mahali ikakatika. Inapungua nusu, halafu nusu ya nusu, halafu nusu ya hiyo. Kwa mita 5 za maji safi bado hubaki karibu asilimia 18 ya ule mwekundu wa nanomita 650. Mtoto aliyekariri ngazi atashangaa akiona picha ya mzamiaji mwenye fulana nyekundu mita 7 chini, fulana ikiwa na rangi ya damu iliyoganda badala ya kuwa nyeusi tii, na atadhani ama mwalimu au picha imemdanganya.

Kuna njia rahisi ya kulionyesha hili bila maji hata tone. Toa punje 64 nyekundu, 64 za kijani na 64 za bluu. Maharage yaliyopakwa rangi, shanga au vipande vya karatasi vyote vinafaa. Kila hatua moja ya mtoto ni mita 2 za kushuka. Katika kila hatua nusu ya punje nyekundu zilizobaki zinaondolewa: 64, 32, 16, 8, 4, 2, na baada ya hatua ya sita imebaki 1. Za bluu zinaondolewa moja, moja, mbili, kisha tena moja, moja, mbili, hivyo mwisho wa hatua ya sita zimebaki 56. Za kijani zinapungua kidogokidogo hadi zifike 32. Hapo ni mita 12. Mtoto akitandaza mkononi punje 1 nyekundu, 32 za kijani na 56 za bluu, anaelewa kwa nini kila kitu kina sura ya bluu-kijani kabla hajaambiwa neno lolote. Kosa linaloharibu mchezo huu ni kuondoa idadi ileile ya nyekundu kila mara, kumi kwa kumi, kwa kuwa ni rahisi kuhesabu. Ukifanya hivyo nyekundu inaisha ghafla kama kwenye bango, na dhana ya nusu ya kilichobaki, ambayo ndiyo roho ya somo, inapotea.

Sasa swali la kwa nini. Hapa ndipo ninapopambana na maelezo dhaifu kuliko yote, na kwa bahati mbaya ndiyo yanayosambaa zaidi: eti mwanga mwekundu una nishati ndogo, ni "dhaifu", kwa hiyo unachoka mapema. Ni kweli nishati ya chembe moja ya mwanga mwekundu ni ndogo kuliko ya bluu. Uchovu haumo. Jua linapozama, mwanga wake hupita kwenye hewa nyingi kuliko saa sita mchana, na rangi inayofika jichoni ni nyekundu. Bluu ndiyo iliyotawanywa njiani. Nyekundu ingekuwa dhaifu, machweo yangekuwa ya bluu. Urujuanimno una nishati kubwa kupita bluu, lakini baharini haufiki mbali kama bluu. Na mawimbi marefu sana ya redio, yenye nishati ndogo mno ukiyalinganisha na mwanga, ndiyo hutumika kupeleka ujumbe kwa nyambizi zilizozama, kwa sababu hupenya maji ya chumvi kuliko mawimbi mafupi ya redio. Kinachoamua ni maji yenyewe na wimbi lenyewe. Molekuli ya maji ina atomi mbili za haidrojeni zilizoshikana na oksijeni moja, na mishikamano hiyo hutikisika. Mtikisiko wake mkuu huitikia mawimbi marefu yasiyoonekana, lakini mwangwi wake wa juu hugusa ukingo wa nyekundu, na maji yakaufyonza. Ushahidi mzuri wa hili ni maji mazito, yale ambayo haidrojeni yake ya kawaida imebadilishwa kwa pacha wake mzito zaidi. Atomi nzito hutikisika polepole, ufyonzaji unasogea nje kabisa ya eneo tunaloliona, na maji hayo hayana ile bluu hafifu ya maji ya kawaida. Mtoto wa miaka 7 hahitaji habari za molekuli. Anahitaji sentensi moja ya kweli: maji hula nyekundu. Sentensi hiyo ataijengea baadaye. Ile ya udhaifu italazimika kubomolewa.

Jambo linalokaribiana na hilo ni lile jaribio la matone ya maziwa. Mwalimu hutia matone mawili matatu kwenye chombo cha maji, anamulika tochi ubavuni, maji yanakuwa na ubluu kidogo, na darasa linaambiwa ndiyo sababu bahari ni bluu. Ukitazama tochi yenyewe kupitia maji hayo utaona imekuwa ya machungwa. Hilo ni jaribio zuri la anga na machweo. Kwa bahari linafundisha kinyume, maana linaonyesha nyekundu ikipenya na bluu ikitawanywa. Anayetaka rangi ya maji kweli atafute bomba la mita 2 au 3 lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa kwa ndani, alizibe pande mbili kwa plastiki angavu, alijaze maji yaliyochujwa, kisha aweke karatasi nyeupe iliyomulikwa upande mmoja na jicho upande wa pili. Kwa mita 3 hupotea zaidi ya asilimia 60 ya mwekundu wa nanomita 650, na karatasi nyeupe hupata rangi ya bluu-kijani mpauko. Maji yenye kutu yataleta njano na kuharibu kila kitu, na viputo vilivyoganda kwenye plastiki vitaleta ukungu. Yaache yatulie usiku kucha kabla ya kutazama.

Kabla ya kwenda mbele, wanaotetea picha zenye rangi kamili wanastahili kusikilizwa, kwa sababu hoja yao ina nguvu. Wanasema rangi ya mwili ni sifa ya mnyama, kama idadi ya mikono yake, na mtaalamu huitumia kutambua aina. Taa haiongezi rangi ambayo mwili hauwezi kuirudisha. Inafichua uwezo uliokuwepo. Tena picha nyeusi haimvuti mtoto, na mtoto asiyevutwa hafundishiki. Yote hayo nayakubali. Upande wa pili wako wanaosema picha hizo ni uongo, kamera zimeongeza chumvi, na watoto waonyeshwe giza tu. Hao wanakosea zaidi. Taa ya roboti ni mwanga halali kama wa jua, na kilindi hakina giza tupu: katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017 wa video zilizopigwa nje ya pwani ya California, kuanzia juu hadi karibu mita 4,000, takriban asilimia 76 ya wanyama walioonekana ndani ya maji walikuwa wa makundi yanayotoa mwanga wao wenyewe.

Pale ambapo upande wa kwanza unateleza ni kwenye maana ya rangi. Mtoto aliyekwisha kufundishwa kwamba nchi kavu chura mwenye rangi kali anaonya "nina sumu" ataihamishia kanuni hiyo kwa kamba mwekundu wa mita 800 chini, na hakuna wa kumlaumu. Kumbe yule kamba amejificha. Wekundu wake unatokana na kemikali za kundi la karotenoidi, jamaa za ile inayoipa karoti rangi, na kazi ambayo kemikali hizo hufanya vizuri ni kufyonza bluu. Mwanga pekee uliopo ni bluu, ngozi inaumeza, hakuna kinachorudi, na kamba anakuwa mweusi. Kiswahili chetu kina rangi tatu tu zinazobeba viambishi vya ngeli, yaani -eupe, -eusi na -ekundu. Kule chini mbili za mwisho hazitofautiki. Ukimwonyesha mtoto picha nyekundu bila maelezo hayo, umempa jina la rangi ukamnyima kazi yake.

Jaribio la boksi ndilo linaloweza kurekebisha hili, na ndilo linaloharibiwa mara nyingi. Muundo wake ni mwepesi. Boksi la viatu, ndani limewekwa karatasi nyeusi isiyong'aa. Upande mfupi una tundu la kuchungulia la sentimita 2. Juu, karibu na mwisho wa pili, kuna dirisha la sentimita 3 kwa 3 la kuingizia mwanga. Kwenye ukuta wa mwisho wanabandikwa samaki wanne wa karatasi wa sentimita 5: mweupe, mweusi, mwekundu na wa bluu. Kwa mwanga mweupe mtoto anawaona watatu. Kwa mwanga wa bluu anatakiwa kuwaona wawili tu, mweupe na wa bluu, wote wakifanana, na mwekundu awe amezama kwenye weusi wa nyuma yake. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba mwekundu anabaki akionekana, darasa linapiga kelele "namwona!", na mwalimu anabaki kusisitiza jambo ambalo macho ya watoto yanalikataa.

Sababu za kufeli zinajulikana. Ya kwanza ni kichujio. Nailoni ya bluu ya kufungia zawadi hupitisha bluu, lakini pia huvujisha ule mwekundu wa mwisho kabisa wa upinde wa mvua, kuanzia nanomita 650 na kitu kwenda juu. Tabaka moja halitoshi. Weka matatu au manne, au achana na nailoni utumie taa ndogo ya LED ya bluu, ambayo mwanga wake umejibana kati ya nanomita 450 na 470 na hauna nyekundu ndani yake. Pasipo LED, skrini ya simu iliyojazwa picha ya bluu tupu huweza kufanya kazi hiyo chumba kikiwa na giza, ila zima kwanza ile hali ya kulinda macho usiku, maana inapunguza bluu yenyewe unayoihitaji. Ya pili ni karatasi. Rangi za kumeremeta, kama za kalamu za kupigia mstari, hupokea bluu na kutoa nyekundu au machungwa mpya. Samaki wa karatasi hiyo atawaka kama kaa la moto. Nyekundu yenye kuelekea waridi hurudisha bluu kiasi. Tafuta nyekundu ya matofali, nzito, na uipime kabla: iweke kando ya karatasi nyeusi chini ya taa yako ya bluu, na kama unaweza kuzitofautisha, ama karatasi haifai ama mwanga unavuja. Ya tatu ni ufa wa mlango au dirisha. Mwanga kidogo wa mchana unaopenya pembeni una nyekundu ya kutosha kuharibu jaribio zima.

Iko sababu ya nne, na hii haionekani kwa sababu inaleta jibu sahihi kwa njia isiyo sahihi. Mwanga unapokuwa hafifu sana, jicho la binadamu huacha seli zake za rangi na kutumia zile za gizani, ambazo haziioni nyekundu. Kwa hiyo kwenye boksi lenye mwanga mdogo mno samaki mwekundu anaweza kutoweka hata kama mwanga una nyekundu tele. Mwalimu anafurahi, watoto wanashangilia, na hakuna aliyejifunza kitu kuhusu maji. Dawa yake ni ulinganisho: rudia kwa mwanga mweupe uliofifishwa hadi ukaribie ung'avu wa ule wa bluu, kwa mfano kwa kufunika dirisha na karatasi nyeupe tabaka kadhaa. Samaki mwekundu akitoweka hapo pia, mwanga wako ni mdogo. Ongeza mianga yote miwili na uanze upya. Waache watoto wakae gizani dakika 5 hadi 10 kabla ya kuchungulia, la sivyo wa kwanza na wa mwisho kwenye foleni watatoa majibu tofauti kwa sababu macho yao hayako katika hali moja.

Kisha fanya hatua ambayo karibu maelekezo yote huiacha: badilisha ukuta wa nyuma. Toa karatasi nyeusi, weka nyeupe. Chini ya mwanga wa bluu ukuta unang'aa, na samaki mwekundu aliyekuwa amepotea anajitokeza wazi kama umbo jeusi. Mtoto anayeona hilo ameelewa jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui: wekundu humficha mnyama dhidi ya giza, haumfichi dhidi ya mwanga. Katika mita 300 au 500, mwindaji akiwa chini na kutazama juu, mbele yake ni ukuta wa bluu hafifu, na kila mwili unaopita huacha kivuli. Ndiyo maana samaki wengi wa eneo hilo wana viungo vya kutoa mwanga tumboni na huurekebisha ulingane na ule unaoshuka kutoka juu, kivuli kikafutika. Toboa samaki mweusi wa karatasi matundu madogo ya sindano, muweke mbele ya ukuta mweupe, na umtazame kwa mbali kidogo: umbo lake linaanza kuyeyuka kwa sababu mwanga wa nyuma unapita tumboni.

Wapo watakaosema hii ni kuwazidishia watoto, na kwamba inatosha wajue samaki wa kilindini "hawaoni rangi". Usemi huo una nusu ya ukweli. Wengi wana seli za gizani peke yake, zenye kemikali moja inayopokea vizuri mwanga wa karibu nanomita 480, kwenye bluu ileile ambamo viumbe wengi wa huko hutoa mwanga wao. Lakini utafiti uliotoka mwaka 2019 ulimkuta samaki wa kilindini Diretmus argenteus na jeni 38 za kemikali za seli hizo, wingi unaoelekea kumwezesha kutofautisha aina za bluu na kijani ambazo kwetu ni kitu kimoja. Na samaki mwingine wa kilindini, Malacosteus, ana taa ya mwanga mwekundu chini ya jicho, pamoja na jicho linaloiona, kwa msaada wa kemikali iliyotokana na klorofili. Anamulika kamba mwekundu kwa mwanga ambao kamba hauoni, na wekundu uliokuwa ngao unamrudishia mwindaji mwanga wake. Samaki huyu mmoja anafundisha zaidi ya kurasa kumi, maana mtoto hawezi kumwelewa bila kujua kwanza kwamba rangi ni makubaliano kati ya taa, mwili na jicho. Binadamu nao wametumia mlango huohuo: mwanasayansi wa bahari Edith Widder alibuni kamera yenye taa nyekundu ambazo wanyama wengi hawazioni, pamoja na mtego wa taa za bluu unaoiga yavuyavu, na mwaka 2012 ikasaidia kumpata ngisi jitu, ambaye si yule mzito wa mwaka 2025, akiwa hai ndani ya Bahari ya Pasifiki karibu na visiwa vya Ogasawara vya Japani kwa video ya kwanza ya aina yake.

Turudi basi kwenye matangazo ya roboti. Taa na kamera zimekaa jirani, kwa hiyo mwanga unapita maji mara mbili, kwenda na kurudi. Mnyama akiwa mita 6 mbele, nyekundu imesafiri mita 12, na kwa hesabu ya punje imebaki 1 kati ya 64. Akiwa mita 3 zimebaki 8. Akiwa mita 1 zimebaki 32. Kinachoonekana kwenye skrini kinafuata hesabu hiyo bila hiana: mnyama anaanza kama doa la kijivu-bluu pembezoni mwa mwanga, roboti inasogea, doa linakuwa la kahawia iliyofifia, inasogea tena, na ghafla ni jekundu la kuwaka. Watangazaji na wapenzi wa video hukata kipande hicho cha mwanzo kwa sababu "hakuna kitu", wakabakiza picha ya karibu. Hicho walichokikata ndicho somo. Sitisha video pale doa bado ni la kijivu, waulize watoto litakuwa na rangi gani roboti ikifika, waandike, halafu endelea. Waulize pia kwa nini mchanga wa chini unaonekana wa kawaida karibu na wa bluu kwa mbali. Video iliyorekebishwa rangi kwa kompyuta haifai kazi hii, kwa kuwa baadhi ya programu zimeundwa mahsusi kuyaondoa maji kwenye picha. Tumia matangazo yenyewe, yasiyokatwa.

Mtazamo huu ukikubaliwa, vitu kadhaa lazima vibadilike. Bango la ngazi ya rangi litoke ukutani, lichorwe upya kama michirizi mitatu inayokonda, nyekundu ikikonda haraka na bluu polepole, bila mistari ya kukata. Kila picha ya mnyama wa kilindini vitabuni iwe na maneno mawili matatu kando yake: kina alichokutwa, na umbali wa taa ukijulikana. Umri nao uheshimiwe. Wa miaka 6 hadi 8 wapewe boksi na kuta zake mbili. Wa miaka 9 hadi 11 waongezewe punje. Molekuli na maji mazito vingojee miaka 13 na kuendelea. Maswali ya mtihani pia yabadilike. "Taja rangi ya kwanza kupotea baharini" hupima kumbukumbu tu, na mtoto anaweza kulipata bila kuelewa lolote. Mpe badala yake picha mbili za kamba mmoja, moja ya mita 6 kutoka kwenye kamera na moja ya mita 1, bila kumwambia ipi ni ipi, umwambie azipange na aeleze sababu. Halafu muulize kamba huyo ana rangi gani roboti inapoondoka.